Bado Halijaanguka

Ukimsifia kitu alichokijenga, hakusema asante. Ungemwambia, "Injinia, choo cha shule kimetoka kizuri kweli," naye angekitazama kile choo kama anamtazama mgeni asiyemwamini, kisha akajibu, "Bado hakijaanguka." Ukimwamkia asubuhi, "Shikamoo Mzee, umeamkaje?" jibu lilikuwa hilohilo: "Marahaba. Bado sijaanguka." Miaka ya mwanzo nilidhani ni utani, nikawa nacheka. Mimi ni mtu wa Singida, nilipangiwa kazi ya ualimu Nachingwea nikiwa msichana mwenye sanduku moja la bati, na mgeni hucheka kila kitu ili apendwe. Ilinichukua muda kujua kwamba yule mzee hakuwa anatania hata kidogo.

Kijiji kizima kilimwita Injinia. Jina lake halisi lipo ila sitalitaja, na alikozaliwa na ukoo wake sivijui, maana sikuwahi kumwuliza. Nilichojua ni kwamba alifanya kazi ya barabara na madaraja serikalini mpaka akastaafu, akaja kujenga kijijini kwetu, ukishaipita Chiola, karibu na mpaka wa Ruangwa. Mkewe alikuwa mtu wa Mandawa na alitaka awe karibu na mikorosho ya wazazi wake. Wastaafu wengine wakija hufungua duka. Huyu alikuja na baiskeli, sanduku la vifaa na wasiwasi wake.

Kwenye mfuko wa shati, pale watu wanapochomeka kalamu, yeye aliweka nyundo ndogo yenye kichwa cha ukubwa wa kidole gumba. Alikuwa anagonga vitu. Hodi yake ilikuwa kugonga mwimo wa mlango wako mara tatu, anasikiliza ameinamisha kichwa, akiridhika ndipo anavua viatu. Asiporidhika anakusalimia kutoka nje. Mwalimu mwenzetu alipofiwa na mama yake, tulikwenda wote kumpa pole, na mimi nilikuwa nyuma ya Injinia kwenye foleni. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Pole sana mama, Mungu akutie nguvu. Na boriti ya pili kutoka mlangoni imeliwa na mchwa." Yule mwanamke aliacha kulia akatazama juu. Nilitamani nimfinye mzee wa watu.

Kuna harusi moja watu wanaisimulia mpaka leo. Mwenye nyumba alikuwa ametoka kujenga baraza jipya, akapanga viti pale, mkeka mpya, maua ya karatasi. Injinia akafika na kanzu yake safi, akagonga nguzo ya kwanza, akagonga ya pili, akakataa kukaa. Angekataa peke yake isingekuwa neno. Lakini akaanza kuwaomba na wengine watoke, kwanza kwa upole, halafu kwa sauti, mpaka wakwe kutoka Ruangwa mjini wakaingiwa na hofu wakainuka. Pilau ikaliwa juani. Bibi harusi wanja ukamtiririka mpaka shingoni. Na baraza? Jamani, halikuanguka! Lipo mpaka leo, limepakwa rangi ya bluu, na yule mwenye nyumba kila akimwona Injinia anapita na baiskeli alikuwa anaikumbatia ile nguzo na kuitikisa huku akicheka. Injinia alikuwa anashuka kwenye baiskeli, anaitazama, anasema, "Bado."

Sasa mtu wa namna hiyo ungedhani nyumba yake ni ngome. Thubutu. Bati lake lilikuwa linavuja sehemu tatu na mkewe alikuwa anajua sufuria gani inakaa wapi. Kigoda cha mgeni kilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa kamba ya katani. Mgeni mmoja wa heshima, mwenye tai, alikikalia akaenda chini miguu juu, na sisi tuliokuwepo tukageukia ukutani kuficha vicheko. Nilimwuliza siku hiyo, "Mzee, wewe wa kutukatalia mabaraza ya watu, hiki kigoda je?" Akanijibu bila aibu, "Hicho najua kimeoza, Mwalimu. Ninachokijua hakinisumbui."

Na kweli vitu vinavyotisha watu wengine vilikuwa havimtishi. Alikwenda Kilimarondo kutengeneza pampu ya mkono ya kisima, maana huko tembo huja kutafuta maji na kuzing'oa pampu. Waliokwenda naye walisema tembo alitokea hatua chache tu, watu wakatimua mbio mpaka mashambani, mzee akabaki amepiga magoti anakaza bolti. Waliporudi wakamkuta anafuta mikono. "Tembo nilimwona," aliwaambia. "Washa ya ndani ya bomba, ile pete ya mpira, sijaiona, mnanipa tochi?"

Ndivyo alivyoishi miaka yote ya ustaafu wake, akizunguka vijiji vya Nachingwea na Ruangwa kutengeneza vya watu. Pampu, mapaa ya shule, kisima cha msikiti, mlango wa zahanati uliokuwa haufungiki. Malipo yake yalikuwa sahani ya ming'oko ya kuchemsha, vile vizizi vya porini wanavyovipenda watu wa kusini, na msimu wa korosho jagi la juisi ya mabibo. Ukimletea habari yoyote, hata kwamba mvua inanyesha upande wa pili wa kijiji, alikuwa na swali moja: "Umeona kwa macho yako, au umeambiwa?" Wanafunzi wangu walilishika. Nikimwuliza mtoto kwa nini hakufanya zoezi, ananijibu daftari limeliwa na panya, darasa zima linaitikia, "Umeona kwa macho yako au umeambiwa?" Nilikuwa nawachapa kwa macho tu, maana na mimi nilikuwa nabana kicheko.

Mimi, kama kila mtu kijijini, niliamini kwamba zamani huko kazini daraja lilimwangukia. Ilikuwa lazima. Mtu haogopi hivyo bure. Wengine walisema lilianguka na lori, wengine basi zima. Siku moja nikiwa na mkewe tunabangua karanga nikajikakamua nikamwuliza. Mama wa watu alicheka mpaka akamwaga ungo.

"Kuanguka? Halijaanguka hata moja, Mwalimu. Amenioa nikiwa mwari, najua yote. Hata kalavati. Ndiyo maana anahangaika. Angeona moja likianguka, angejua linavyoanguka, angetulia."

Nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi kuliko nilivyokwenda.

Sasa niseme la daraja letu, maana ndilo linalonifanya niandike haya na nimelizunguka vya kutosha.

Mto wetu miezi mingi ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Mvua zikianza unashusha maji mekundu yanayobeba magogo, na watoto wa ng'ambo, upande wa Ruangwa, hawaji shule. Nusu ya darasa langu ilikuwa inapotea Januari na kurudi Aprili imesahau hata kushika kalamu. Wabishi walikuwa wanavuka wameshikana mikono, daftari kichwani, na mimi nimesimama ukingoni roho mkononi. Injinia aliliona hilo msimu mmoja tu. Mvua zilipokatika akaitisha mkutano, akachora chini kwa kijiti daraja la miguu: nguzo nne za zege, juu yake vyuma vya reli ya zamani vilivyolala porini tangu enzi za mashamba ya karanga ya Waingereza, na juu ya vyuma, mbao.

Saruji tulisaidiwa na watu wema. Mchanga ukawa kazi ya kijiji. Watu walidhani watachota hapohapo mtoni. Injinia akatia mchanga huo kwenye chupa ya maji, akaitikisa, akaiweka juu ya jiwe na kutusimamisha wote tuisubiri itulie. Tope likajipanga juu ya mchanga, unene wa vidole viwili. "Mnataka watoto wapite juu ya tope?" akauliza. Ikabidi mchanga uchotwe mbali, juu kule mto unakopinda, uoshwe kwenye madebe, ubebwe kichwani kaya kwa kaya. Kiongozi wa akina mama wa mchanga alikuwa Bi Somoe wa ng'ambo, mwanamke mfupi mwenye mdomo, wajukuu zake watatu wakisoma kwangu.

"Nchanga wa kuosha!" alimwambia Injinia mbele ya watu. "Kesho utatwambia tuyaoshe na maji yenyewe!"

Tulicheka, lakini waliuosha. Nguzo ya kwanza ikasimama, ya pili ikasimama. Ya tatu ilipofika, Injinia akalala na malaria, kali, ya kuweweseka. Aliniita kitandani, akanipa karatasi yenye mambo ya kuangalia, mwandiko umetetemeka lakini namba zimepangwa. "Mwalimu, wewe una macho," alisema. "Usikubali kuambiwa. Ona."

Siku ya kumwaga zege la nguzo hiyo wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi upande wa Ruangwa. Shimo la nguzo liko wazi, mvua ikinyesha linajaa na kazi ya wiki nzima imekwenda. Na nusu ya ndoo hazikuwepo, zilikuwa zimeazimwa msibani kijiji cha pili. Akina mama wamesimama na mchanga wao uliooshwa, hawana cha kubebea. Hapo nikakumbuka stoo ya shule. Shule yetu ilikuwa na shamba la mikorosho, na msimu wa kupulizia salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ubwiri, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ulikuwa ndiyo kwanza umekwisha. Mifuko mitupu ya salfa ilikuwa imelundikwa mpaka darini. Nikaitoa mimi mwenyewe. Nikasema waikung'ute.

Wakakung'uta, huku wakipiga chafya. Bi Somoe akauchungulia mfuko wake. "Nwalimu, huu bado una salfa yake."

"Kung'uta twende, mama, mvua hiyo inakuja!"

Mchanga ulifika shimoni una michirizi ya njano. Niliiona. Sikuambiwa na mtu, niliiona kwa macho yangu haya. Fundi aliyekuwa anachanganya zege akanitazama kusubiri neno langu, karatasi ya Injinia iko mkononi mwangu, na mimi nikasema, "Mwageni."

Nilikuwa nafundisha Sayansi darasa la saba, ujue. Jioni ile nilifungua kitabu. Kilisema salfa ikikaa na unyevu kwa muda mrefu inazaa tindikali, na tindikali inakula chokaa na chuma. Haikuandikwa ni salfa kiasi gani, wala inakula kwa muda gani. Kesho yake nikawatoa watoto wakaifue ile mifuko yote kwenye madimbwi ya mtoni na kuianika kwenye uzio. Ukiniuliza kwa nini, sijui. Labda nilitaka kitu kimoja kiwe safi.

Injinia alitoka kitandani siku ya tano, akaja na mkongojo mpaka mtoni. Nguzo ilikuwa imekauka, ya kijivu, nzuri kuliko zile nyingine. Akaizunguka. "Umeona kwa macho yako, Mwalimu?"

"Nimeona, Mzee," nikasema. "Mchanga safi."

Akashusha pumzi. Miaka yote niliyomjua hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akishusha pumzi. Siku ya kufungua daraja alisimama mbele ya kijiji akasema nguzo tatu ameziona yeye, na moja ameiona Mwalimu, na hiyo ni kama ameiona yeye. Watu wakanipigia makofi na vigelegele, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha akateremka chini ya daraja, akasimama kwenye mchanga mkavu kati ya nguzo ya pili na ya tatu, akapaza sauti: "Watoto wote wapite kwa pamoja, wakikanyaga kwa nguvu!" Ndiyo ilikuwa desturi yake kwa kila alichojenga, yeye kwanza akae chini yake. Watoto wakapita wakiimba. Mimi nilikuwa juu ukingoni nimeshika mti.

Nilidhani kesho yake nitamwambia. Halafu wiki ijayo. Halafu mvua zikaanza na watoto wa ng'ambo wakaja shule, wote, hata Januari, na Bi Somoe akaniletea kuku.

Mwaka ule wa mvua zisizokatika, mwishoni mwa miaka ya tisini, maji yalipanda mpaka yakabakiza shubiri moja kugusa mbao. Ilikuwa saa tisa alasiri, watoto wa ng'ambo wamepanga mstari na mifuko yao ya plastiki kichwani, wazazi wako upande wa pili wanawaita. Injinia alikuwa amelowa mpaka mfupani. Alitembea mpaka katikati, akainama, akagonga, akasikiliza, akarudi. "Wapite wawili wawili," akasema.

"Hapana!" Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. "Hapiti mtu!"

Watu wakanitazama. Hakuna aliyewahi kumpinga Injinia kwa upande huo, tulizoea kumpinga anapokataa, siyo anapokubali. Ng'ambo Bi Somoe akaanza kupiga kelele, "Nwalimu, nipe wajukuu zangu! Unawazuia kwa nini?" Injinia aligeuka akanitazama, mvua inamtiririka usoni. Moyoni nilikuwa nasema, niulize, Mzee, niulize sasa hivi nitasema yote. Hakuniuliza. Alinitazama mpaka nikainamisha uso, kisha akawageukia watoto. "Mwalimu amesema hawapiti. Hawapiti."

Watoto walikaa na sisi siku tatu, wamelala nyumba za walimu, wamekula mahindi ya shule. Kila gogo likigonga huko mtoni nilikuwa nainuka. Daraja likasimama. Maji yalipopungua kijiji kizima kikanicheka, nikapewa jina, Mwalimu Tumbojoto, na wanafunzi wakalipokea kwa furaha. Injinia hakucheka.

Tangu hapo akawa anakuja kila wiki. Nilikuwa namsikia kutoka darasani. Nguzo ya kwanza aliigonga mara moja. Ya pili mara moja. Ya tatu mara tano, mara sita, kimya kirefu, mara mbili tena. Ya nne mara moja. Chaki ilikuwa inaniganda mkononi. Nilijisemea anajua, halafu nikajisemea hajui, ni wasiwasi wake tu wa siku zote, na yote mawili yaliniumiza sawasawa. Na mimi nikaanza yangu. Asubuhi kabla watoto hawajafika nilikuwa nashuka mtoni na jiwe. Kulikuwa na doa la njano kwenye nguzo ya tatu, la ukubwa wa kiganja, na kila mwanzo wa muhula nililizungushia chaki nione kama limekua. Kuna miaka nilidhani limekua. Kuna miaka nilidhani ni macho yangu.

Miaka ikaenda hivyo. Simu za mkononi zikafika, pikipiki zikafika, vijana wakaanza kulipita daraja la miguu na pikipiki zilizopakia magunia ya ufuta, wanapiga honi, "Mwalimu Tumbojoto, pembeni!" Niliwafokea mpaka sauti ikakauka. Injinia macho yakaanza kumfunga, miguu ikakataa baiskeli, mtoto wao wa kike akawachukua yeye na mkewe wakaishi naye Ruangwa. Siku ya kuondoka alipita mtoni akagonga. Baada ya hapo nikabaki nagonga peke yangu.

Barua yangu ya kustaafu ilipokuja nilikwenda Ruangwa kumuaga. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki barazani, amekonda, mboni zimefunikwa na ukungu. Alinijua kwa sauti.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Bado sijaanguka." Mkewe akaniletea chai, akaenda zake jikoni. Injinia akasubiri mpaka nikae. "Umelipita leo?"

"Nimelipita."

"Ya tatu inasemaje?"

Hapo nikashindwa. Nilianza kulia kabla sijaanza kusema, mwanamke mzima, kikombe mkononi. "Mzee, ile nguzo ya tatu, siku ile ulipoumwa..."

"Salfa," akasema.

Niliweka kikombe chini. Akaendelea taratibu, kama anasoma karatasi. "Mwalimu, tangu nije kijiji kile hakuna mtu aliyewahi kufua mfuko wa salfa. Siku natoka kitandani nikapita shuleni, nikakuta mifuko imejaa uzio mzima, imeanikwa kama nguo za sikukuu. Nikajua kabla sijafika mtoni."

Haki ya Mungu, nilikasirika. Machozi yakakatika. "Ulijua? Ukaniuliza, nikakudanganya, ukashusha pumzi mbele yangu! Miaka yote hii najichoma, nachora chaki kama kichaa, na wewe ulijua?"

"Nilishusha pumzi kwa sababu nilikuona umeogopa," alisema. "Ungenidanganya huku umetulia, ningeibomoa siku ileile. Lakini wale akina mama walishabeba mchanga wiki tatu, na mvua ziko njiani. Ningebomoa, wasingerudi, na watoto wangeendelea kuogelea. Nikapiga hesabu yangu, nguzo nikaiacha. Sijui kama nilikosea. Kijiji kizima kililiamini lile daraja, na mimi ni mtu mmoja. Nilihitaji mtu wa pili wa kuliogopa. Siku ya mafuriko nilisema wapite. Nilikuwa nimechoka, nimesikia baridi, niligonga nikasikia nilichotaka kusikia. Wewe ukasema hapana. Mpaka leo sijui nani kati yetu alikuwa sahihi."

"Litaanguka, Mzee?"

"Sijui."

"Hata wewe hujui?"

"Ningejua ningelala." Akapapasa mfuko wa shati, nyundo ilikuwemo. Nilidhani atanipa, nikaanza hata kunyoosha mkono, lakini aliigonga tu kwenye mkono wa kile kiti cha plastiki, akasikiliza, akairudisha. "Unaondoka lini?"

"Mwezi ujao."

"Na nani atabaki analiogopa?"

Jikoni mkewe alikuwa anatwanga kitu, na sisi tukasikiliza mchi.

"Itabidi uwaambie," alisema.

"Watanitukana, Mzee. Miaka yote hiyo nimewapitisha watoto wao juu yake."

"Watakutukana, ndiyo. Halafu wataanza kuligonga."

Sikumwona tena. Habari za kufariki kwake zilinifikia nikiwa nimesharudi Singida, na jambo la kwanza nililouliza kwenye simu, Mungu anisamehe, lilikuwa aliyenipigia ameona kwa macho yake au ameambiwa.

Lakini kabla ya hapo niliwaambia. Ilikuwa mkutano wa Ijumaa baada ya swala. Nilisimama mbele ya watu wale wale walionipigia makofi, nikasema mifuko niliitoa mimi, salfa niliiona mimi, na Injinia nilimdanganya mimi. Baba mmoja aliinuka akaniuliza mtoto wake akifa jina lake nitaliandika kwenye daftari gani. Kijana mmoja wa pikipiki aliniita muuaji. Niliyapokea yote. Mwisho akainuka Bi Somoe, mgongo umeshapinda, ameshika fimbo, na wajukuu wake wa siku zile wana watoto wao wanaosoma kwangu.

"Salfa tuliiona, Nwalimu," alisema. "Tulipiga chafya siku tatu. Tulidhani wewe nwenye kitabu unajua."

Hilo liliniuma kuliko kuitwa muuaji. Nilirudi nyumbani nikaanza kufunga sanduku langu, nikaamua sitangoja hata mwisho wa mwezi.

Jumatatu asubuhi, kengele haijapigwa, nikasikia mtoni kunagongwa. Siyo mlio wa nyundo, ulikuwa mlio mzito, wa jiwe, unakwenda bila mpango. Nikashuka na kanga mabegani. Bi Somoe alikuwa amechuchumaa kwenye mchanga chini ya nguzo ya tatu, sikio ameliweka kwenye zege. Juu ukingoni watoto wa ng'ambo wamepanga mstari na daftari zao, hakuna anayekanyaga ubao, wanamsubiri ainue mkono. Pikipiki mbili zimesimama nyuma yao, zimezimwa.

Hakunisalimia. "Njoo usikie," aliniambia. "Nlio huu nzuri au mbaya?"

Nikapiga magoti kando yake, nikaweka sikio. Zege lilikuwa la baridi. "Gonga tena," nikamwambia.